Mwendelezo wa Haraka na Haki ya Hadhira

Katika fasihi simulizi hadhira si chombo cha kupokelea tu. Fanani wa ngano Kikoneni, huko Kwale, huhitaji kiitikio. Wasikilizaji wakinyamaza, ngano hufa. Je, uhusiano huo hudumu pale sanaa inapokuwa bidhaa?

Mchezo wa video uitwao Left 4 Dead, wa kampuni ya Valve, ulitoka Novemba 2008. Juni 2009 ulitangazwa mwendelezo wake, utakaotoka Novemba mwaka huo huo. Maelfu ya wapenzi wake waliungana kuususia. Walidai kwamba walitarajia mchezo wa kwanza uongezewe sehemu, si kuuziwa mwingine. Tena wahusika waliowazoea, Bill, Francis, Louis na Zoey, walikuwa wamewekwa kando. Valve iliwaalika viongozi wawili wa mgomo waujaribu mchezo huo. Baada ya hapo, mnamo Oktoba, kundi lao lilivunjwa.

Yupo atakayesema kwamba wapenzi hao walikuwa wakaidi tu. Kauli hiyo haitoshelezi. Pingamizi la hadhira ya ngano hutokea hadithi ingali kinywani, na fanani aweza kuigeuza papo hapo. Pingamizi la mnunuzi huja kazi ikikaribia kukamilika. Hawezi kuigeuza, aweza kuikataa tu. Isitoshe, watu wawili walioalikwa si hadhira. Kwa hiyo uharaka si kiini cha mgogoro huu. Kiini chake ni kwamba kiitikio kiliombwa baada ya hadithi kwisha.