Rosa, Kazimoto na Mtwa Mkwawa: Nani Kajiua kwa Dhambi?

Kuna jambo katika semina zetu za riwaya ambalo limenikera kwa muda, na leo nalisema hata kama wenzangu watanuna. Tukifika kwenye kifo cha Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), karibu kila karatasi inaandika lilelile: msichana ameasi, amezini, ametoa mimba, na sasa amevuna alichopanda. Funga daftari, twende chai. Muhula huohuo tunasoma Kichwamaji (1974) ya mwandishi yuleyule. Kazimoto naye anajiua. Je, hapo tunaandika nini? Tunaandika udhanaishi! Tunaandika ukengeushi wa msomi na utupu wa maisha. Hakuna anayemwambia Kazimoto kwamba amevuna alichopanda.

Mimi ni mtu wa Idodi, na kwetu kuna kifo cha tatu. Ukitoka Iringa mjini kuja kwetu, barabara hiyohiyo inayokwenda Hifadhi ya Ruaha, unapita upande wa Kalenga ambako fuvu la Mtwa Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Ukiendelea unakuta njia ya Mlambalasi, mahali alipojiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Pale wanafunzi wanapelekwa na walimu wao, wanapiga picha, wanaambiwa habari za ushujaa. Mulokozi amemwandikia tamthiliya nzima, Mukwava wa Uhehe (1979). Sijawahi kumsikia mkristo wa Iringa, Mkatoliki wala Mlutheri, akisimama Mlambalasi na kusema hapa alilala mtenda dhambi.

Basi tuna vifo vitatu vya aina moja. Mtawala akijiua tunaita ushujaa, msomi akijiua tunaita falsafa, msichana wa kijijini akijiua tunaita dhambi. Hebu tuambizane ukweli, kipimo hiki tumekitoa wapi?

Najua jibu litakalokuja haraka: Mkwawa hakubatizwa, kwa hiyo usimpime kwa amri za Kanisa. Sawa, nakubali nusu. Lakini Mtume Paulo mwenyewe, katika barua yake kwa Warumi, anafundisha kuwa hata wasio na torati wanayo sheria mioyoni mwao. Na zaidi ya hapo, swali langu halimhusu Mkwawa, linatuhusu sisi tunaohukumu. Ukristo wetu unalala usingizi Mlambalasi, unasinzia kwa Kazimoto, halafu unaamka kwa Rosa tu.

Tuitazame riwaya yenyewe. Rosa anakulia Namagondo, kisiwani Ukerewe, kwa baba mlevi aitwaye Zakaria. Barua moja ya mvulana inatosha kumfanya baba huyo ampige binti yake vibaya sana. Malezi ya fimbo yanamfanya awaogope wanaume. Kisha akienda shule Mwanza na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, kamba inakatika. Anapojaribu kuanza upya na Charles, mvulana yuleyule wa zamani, Charles anagundua kwamba si bikira na anamkataa. Rosa anajiua. Halafu riwaya, ambayo mpaka hapo imetembea ardhini kwa miguu yake miwili, inaruka mbinguni: baba na binti wanasimama mbele ya Mungu.

Kifani mruko huo una kasoro. Umekuja ghafla mno, kama mwandishi aliyeona kitabu kinaisha na kesi haijasikilizwa. Lakini wahakiki wanaoishia kwenye kasoro hiyo wanapoteza jambo kubwa. Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi. Alijua vizuri anachokigusa. Jina lenyewe la riwaya ni jina la Bikira Maria katika litania, Waridi lenye fumbo, na Maria kwa imani ya Kikatoliki ndiye aliyekingiwa dhambi ya asili. Jina la asiye na doa amepewa msichana ambaye kijiji kizima kinamwona ana madoa tu. Wengi husema hiyo ni kejeli. Mimi naona ni swali: je, uzuri aliozaliwa nao Rosa umekwenda wapi, na nani kauchukua?

Tena kuna suala la tarehe, ambalo sijaona likitajwa katika semina zetu. Mwaka 1971 sheria za Kanisa zilizokuwa zikitumika ni zile za 1917, ambazo zilimnyima mazishi ya kikanisa mtu aliyejiua kwa makusudi. Sheria mpya za 1983 ziliondoa katazo hilo, na Katekisimu ya 1992 inafundisha kwamba hofu kubwa au maumivu ya nafsi yanaweza kupunguza lawama ya mtu huyo, na kwamba Kanisa linamwombea. Kwa hiyo Kezilahabi alipomfikisha Rosa mbele ya Mungu, alimpa nafasi ya kusema ambayo duniani wakati ule asingeipata hata kwa kengele moja. Hapo ndipo mruko unapopata maana, hata kama kifani bado unachechemea.

Suala hili, hata hivyo, ni la kale kuliko sheria zote hizo. Roma ilipotekwa mwaka 410, wapo wanawake waliobakwa na wengine wakajiua kwa aibu. Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, aliwaandikia katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu. Hoja yake, kwa maneno yangu: mwili ukinajisiwa bila ridhaa ya moyo, dhambi si ya aliyetendewa, kwa nini basi ajiadhibu asiye na kosa? Ni hoja ya huruma, ingawa mwishoni inafunga mlango wa kujiua kwa nguvu sana. Tatizo ni kwamba Rosa hawezi kupita mlango huo wa huruma moja kwa moja. Yeye hakubakwa. Alichagua, tena zaidi ya mara moja, na mimba aliitoa. Kezilahabi hakutuletea malaika, na namheshimu kwa hilo.

Ndiyo maana siwafuati pia wale wa upande wa pili, wanaomtwika Zakaria mzigo wote. Ati Rosa ni zao la malezi tu. Wanadhani wanamtetea, kumbe wanampokonya. Ikiwa mabaya yake yote ni ya baba, basi hata ile siku aliyotaka kubadilika si yake. Naye anakuwa gunia tu, linajazwa na kumwagwa na wengine. Mtu asiyeweza kutenda dhambi yake mwenyewe hawezi kuwa na wema wake mwenyewe.

Hoja hii sikuipata maktaba. Likizo moja nilimsomea bibi yangu riwaya hii pale nyumbani, jioni baada ya jioni, maana macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Bibi ni mama wa jumuiya, rozari haimtoki mkononi. Nilitegemea anikataze. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza, “Na huyo Zakaria, mjukuu wangu, alilelewa na nani?” Nikasema mwandishi hajishughulishi sana na hilo. Akasema, “Basi ukimtafuta wa kumlaumu utatembea, utatembea, mpaka umfikie Adamu. Na Adamu naye atakuambia ni mke wake.” Akacheka. Hiyo ndiyo dhambi ya asili kama nilivyoielewa kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa somo la dini.

Hakucheka kwa muda mrefu. Wote wawili tulijua tunamzungumzia nani mwingine. Nikiwa kidato cha tatu, dada mmoja wa jirani yetu, aliyekuwa akinipa madaftari yake ya zamani nisomee, alijiua. Alikuwa na mimba na alikuwa amefukuzwa nyumbani. Kiongozi mmoja wa dini alikataa kufika makaburini, akasema sheria hairuhusu. Sheria ilikuwa imeshabadilika miaka mingi, lakini nani angemwambia? Wanaume walichimba kaburi, akazikwa bila sala, watu wakaondoka haraka kama wanaogopa mvua. Yule kijana aliyempa mimba alikuwepo, na koleo mkononi. Hakuna aliyemwangalia kwa jicho la dhambi.

Kwa hiyo mwenzangu anaposimama semina na kusema Rosa “amevuna alichopanda,” mimi nasikia koleo. Samahani kama huo si uhakiki. Lakini mhakiki akitumia neno dhambi, ni lazima alibebe lote: liwaguse Charles mwenye kudai bikira, Zakaria na pombe yake, kijiji kilichotazama, na Rosa pia, kila mmoja kwa sehemu yake. Vinginevyo aliache, atumie maneno mengine. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, aliwasimamisha wawili mahakamani. Nafikiri aliona aibu kuwaita wengine, au nafasi haikutosha.

Bibi aliniomba nimwachie kitabu, ingawa hawezi kukisoma. Novemba iliyofuata, mwezi wa kuwaombea marehemu, aliandikisha nia ya misa kwa jina la ubatizo la yule dada, bila ukoo. Padri alilisoma pamoja na majina mengine, na watu wachache kanisani wakageuka kutazamana.