Lawama ya Majivuno na Lawama ya Baraza

Katika madarasa yetu ni desturi kusema kwamba uovu wa nchi ya Kusadikika umo ndani ya mtu mmoja, Majivuno, waziri aliyemshtaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Jina lake limekuwa hukumu yake. Sisi twaona kwamba jibu hilo ni jepesi mno, na tena lamwokoa yule linayedhani linamtia hatiani.

Maana, ikiwa Majivuno alizaliwa na majivuno yake kama chui na madoa, twamlaumu kwa lipi? Aristotle alifundisha kwamba lawama humfuata atendaye kwa hiari, na kwamba tabia yenyewe hujengwa kwa matendo yanayorudiwa. Shaaban Robert, katika hadithi hii iliyotoka mwaka 1951, huwapa watu majina ya tabia zao. Mtindo huo humsaidia msomaji kukumbuka, lakini hutunyima kumwona mtu akiwa mwovu hatua kwa hatua. Hapo falsafa ya kitabu yapwaya.

Hata hivyo kitabu kina ushahidi mwingine, tena mzito zaidi. Karama anasimulia barazani habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mashauri ya manufaa. Kila mmoja alilipwa gereza. Mara ya kwanza baraza laweza kusemwa kuwa lilipotoka. Mara ya pili je? Kufikia ya sita, kosa limekwisha kuwa tabia, na tabia hiyo wameijenga wenyewe. Hata tukikubali kwamba Majivuno ana ulimi mkali, ulimi mmoja haufungi mlango wa gereza.

Wahakiki wengi wameisoma hadithi hii kuwa ni fumbo la utawala wa kikoloni, na mwandishi, aliyekuwa karani wa serikali hiyo, alikuwa na sababu ya kusema kwa mafumbo. Hatupingi. Ila tusisahau kwamba waliohukumu ni wenyeji wa Kusadikika, na waliohukumiwa ni ndugu zao.

Tunalomlaumu mwandishi ni huruma yake kwa mfalme. Mwishoni Karama anashinda, wajumbe wanafunguliwa, na mfalme anatoka barazani akiwa mwadilifu. Amri zile sita zilitoka kwa nani? Hakuna anayeuliza, na miaka ya gerezani haiingii katika hesabu ya mtu yeyote.