Jina la Kanga Humwambia Nani?

Hapa Mlimani tumezoea kuipasua kazi ya fasihi vipande viwili, fani huku na maudhui kule, kisha tunaandika hitimisho. Nami nilikwenda Kariakoo na kisu hichohicho.

Anayetafuta sanaa Kariakoo kwa kawaida huonyeshwa paa la soko kuu, ile miavuli ya zege aliyoibuni Beda Amuli. Soko lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Mimi sikuinua macho. Nilishika Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga, nikanakili majina 37 daftarini. (Jina, kwa asiyejua, ni ile sentensi iliyoandikwa chini ya mji wa kanga, darasani tunaiita msemo.) Jioni nikachora jedwali: mapenzi, wivu, ucha Mungu, masengenyo. "Wache waseme" nikaitupa kwenye masengenyo, wala sikusita.

Njaa ndiyo iliyonikosoa. Kesho yake nilikaa kwa mama ntilie mmoja uchochoroni, wali maharage na kipande cha samaki, naye kajifunga kanga yenye jina hilohilo, imepauka. Nikamtania, "Mama, unamsema nani leo?" Akacheka. "Simsemi mtu, mwanangu. Mwaka nilioachika dada yangu alinunua doti, akaikata, moja yangu moja yake. Yake sasa inabebea wajukuu."

Sasa hapo jedwali langu likaenda wapi? Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi, lakini mimi niliyasoma kama kijembe, kumbe mwenzangu kavaa pole. Msemaji ni dada, msikilizaji ni mdogo wake, na hao wanaosema ni watu baki tu.

Tazama hata jina la kazi yake. Siku hizi tunasema mama lishe, jina la heshima, sawa. Lakini "mama ntilie" limetoka kinywani mwa mteja: mama, nitilie. Hiyo ni kauli ya kutendea, na kauli hiyo haitulii bila anayetendewa. Mwenye njaa yumo ndani ya kitenzi. "Mama lishe" limemfuta. Nathubutu kusema jina la kanga nalo liko katika kauli ya kutendea, hata pale sarufi yake inapokataa. Tunaobishana kama kanga ni fasihi simulizi au andishi tunabishana juu ya kitambaa kilichoko dukani, ambacho bado hakijamwambia mtu lolote.

Mtu atasema naleta porojo za muktadha, kwamba maneno yana maana yake hata yakining'inia kwenye kamba. Yanayo, ndiyo. Ila maana hiyo ndiyo iliyonidanganya.

Kazi yangu ya semina nimeirudisha mezani, na jedwali nimeliongezea safu mbili: nani kampa, nani kapewa. Kati ya majina 37, mpaka sasa nimeweza kujaza moja.