Karatasi Moja, Kidani Kimoja

Karatasi inayofaa ni ya kalenda: ile ya benki au ya kampuni ya bima, nzito kiasi, yenye kung'aa, ambayo Januari ikiingia haina kazi tena. Gazeti ni laini mno. Hunywa gundi, huchanika, na wino wake hubaki vidoleni. Mabango ya uchaguzi nayo ni mazuri sana. Barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mtaa wa Ngamiani, Tanga, nimemwona mgombea mzima, tabasamu na suti yake, akiishia kuwa mistari myembamba shingoni mwa binti wa darasa la tatu.

Jumamosi watoto wa jirani huja kwake, huvua ndala, humwamkia, hukaa mkekani. Mbele yao kuna rula, penseli, mikasi, kopo la gundi nyeupe ya mbao, na spoki za baiskeli ambazo mwalimu amezisugua ncha kwa tupa hadi zikawa butu.

Kazi huanza na hesabu. Karatasi ya A4 hulazwa, na upande wake mfupi wa chini hutiwa alama kila baada ya sentimita 2, kuanzia pembeni kabisa. Upande wa juu alama ya kwanza huwekwa kwenye sentimita 1, kisha kila baada ya 2. Zikiunganishwa kwa mistari ya kupanda na kushuka, hupatikana pembetatu ndefu 20, moja ikitazama juu, jirani yake ikitazama chini, bila upotevu isipokuwa vipande viwili vyembamba vya pembeni. Hivyo viwili mwalimu huwapa wadogo wajaribie. Wakubwa ndio wanaokata, na hapo hakuna anayeongea. Penseli ikiteleza milimita 2 tu, ushanga utakuja na bega moja juu na jingine chini.

Kukunja ndiko kwenye ufundi wenyewe. Mwalimu huanza na kitako cha pembetatu, akakilaza sawasawa na spoki. Mizunguko miwili ya kwanza ni mikavu, maana gundi ikifika mapema ushanga hung'ang'ania chuma na hautoki tena. Kisha hupaka gundi kwa ncha ya kidole, kidogo sana, na kuendelea kuzungusha kwa kidole gumba na cha shahada. Macho yake hayapo kwenye picha. Yapo kwenye kingo mbili za karatasi. Kila mzunguko huacha ukingo mwembamba kulia na kushoto, na kingo hizo ndizo zitakazoonekana ushanga ukikamilika. Picha yenyewe humezwa ndani. Kwa hiyo anayechagua karatasi kwa uzuri wa picha hujidanganya. Mwalimu huchagua kwa rangi za kingo, na kwa rangi ya ncha, kwa kuwa ncha ndiyo itakayokaa juu kabisa, tumboni mwa ushanga.

Ukikunjwa kwa kulegeza, ushanga hutoka nje kama antena ya redio. Ukikazwa mno, karatasi hukwama. Mkono wake umeshajua pale katikati. Ncha ikifika mwisho huibana, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, ndipo anaizungusha spoki kinyume na kuichomoa. Kinachobaki kiganjani ni kigumu, kina tundu, na ukikiangusha sakafuni kinadunda.

"Mwalimu, wangu umepinda," mtoto mmoja analalamika.

"Ufungue, mwanangu. Gundi bado mbichi."

Hamshiki mkono. Hamfanyii. Anakaa tu, kazi yake mwenyewe imesimama, mpaka mtoto ameikunjua karatasi yote na kuianza upya. Nimewaona mafundi wengi wenye vidole vyepesi kuliko vyake, lakini wachache wanaoweza kutazama kazi ikiharibika mbele yao bila kuinyakua.

Shanga hulala usiku kucha zikikauka. Wiki inayofuata watoto huzichovya katika gundi iliyozimuliwa kwa maji, wakazichomeka kwenye vijiti vya mishikaki, zisigusane, na vijiti hudungwa kwenye kipande cha mgomba hadi zikauke. Vanishi hupakwa na mwalimu peke yake, uani, upepo ukivuma, kwa sababu ya harufu yake kali.

Jijini Kampala kazi hiihii imelisha familia nzima. Kule Acholi Quarters, Kireka, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wengi wao wakiponda mawe machimboni, walikunja shanga za karatasi zilizouzwa hadi Marekani, na shirika la BeadforLife, lililoanzishwa mwaka 2004, lilianzia katika biashara hiyo. Barazani hapa hakuna mauzo. Kila mtoto huvaa alichokikunja.

Kutunga ni kazi nyepesi: uzi wa kushonea viatu, ushanga wa karatasi, ushanga mdogo wa kioo, tena wa karatasi, na ncha mbili ndefu za kufungia kisogoni. Shanga 20 za karatasi, pamoja na vile vioo vya katikati, hufika kama sentimita 45, kiasi cha shingo ya mtoto. Karatasi moja imetosha.

Kama kalenda ya mwaka jana bado inaning'inia ukutani kwako, ishushe, uwape watoto pamoja na rula na penseli. Mkasi wape baada ya mistari kunyooka.