Miguu ya Reli ya Juu

Mtu akisimama mbele ya mji wa vitofali vya Lego, jicho lake hukimbilia treni. Ni haki yake, maana treni inatembea na kila kingine kimetulia. Mimi huinama nikatazama miguu. Katika mji wa kuchezea wenye reli inayopita juu ya barabara, ufundi uko chini: nguzo zimekita wapi, zimeliachia basi nafasi gani, na duka lililo nyuma yake bado linapata mwanga au limefunikwa. Treni itakwenda tu, hata nguzo zikipangwa ovyo. Mtaa wa chini ndio unaomtambulisha fundi.

Mwalimu wangu katika jambo hili ni jiji la Chicago. Reli yake ya juu ilianza kubeba abiria mwaka 1892, mabehewa yakivutwa na injini za mvuke, na mwaka 1897 mzunguko wa katikati ya jiji, ambao wenyeji huuita Loop, ukakamilika. Nguzo za chuma zimesimama mtaani kwenyewe, katika barabara za Wabash, Lake, Wells na Van Buren. Juu yake zimelazwa boriti, na juu ya boriti mataruma ya mbao yaliyoachiana nafasi. Nafasi hizo ndizo zinazoipa barabara uhai: jua hushuka kwa milia juu ya lami na migongo ya magari. Anayeiga Chicago kwa vitofali kisha akaziba sakafu yote ya reli kwa vibao amechukua umbo, mwanga ameuacha. New York nayo ilikuwa na reli za namna hiyo, na watu walioishi chini yake walilalamikia giza na kelele miaka nenda rudi. Ile ya Third Avenue upande wa Manhattan ilifungwa mwaka 1955. Hata huku kwetu, reli ya SGR ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi imepandishwa juu ya daraja la takriban kilomita 6 ili wanyama wapite chini. Swali ni lilelile kila mahali: nani anapita chini, na amebakiziwa nini?

Lego ina nidhamu ya vipimo inayoifanya kazi hii iwe tamu. Kutoka katikati ya kinundu kimoja cha juu ya kitofali hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, na vibao vitatu vyembamba vikipandanishwa vinatoa kimo hichohicho. Kipande cha reli iliyonyooka kina urefu wa vinundu 16, yaani sentimita 12.8. Ukiweka nguzo chini ya kila kiungo cha reli, mtaa unakuwa msitu. Afadhali boriti imara ibebe vipande viwili kwa pamoja, nguzo ziachane vinundu 32, ambavyo ni upana wa bao la msingi la kawaida. Hapo kila bao linabaki na nguzo zake, reli inakatika pale mabao yanapokutana, na mji mzima unaweza kufunguliwa, ukabebwa, ukaungwa tena bila kubomolewa. Kwangu huu ndio uamuzi mzuri kuliko yote katika kazi nzima, na mtazamaji hatauona kamwe.

Kwenye kona hesabu inakataa kutii. Reli ya kupinda ya kawaida ina nusu kipenyo cha vinundu 40, na kila kipande huigeuza treni nyuzi 22.5, hivyo vinne hutimiza robo ya duara. Mwanzo wa robo hiyo unakaa sawasawa juu ya vinundu, na mwisho wake pia. Katikati, sivyo. Penye nyuzi 45 reli imesogea vinundu 28.28 upande mmoja na 11.72 upande wa pili, na mahali hapo hakuna kinundu cha kuishika. Fundi anayejua kazi halazimishi. Anaziweka nguzo mahali mtaa unaporuhusu, anatandika juu yake sakafu pana yenye vibao laini visivyo na vinundu, na reli inalala hapo bila kubanwa, ikishikwa kwenye ncha zake mbili tu. Kona ni mahali pekee ambapo ninakubali kuupunguzia mtaa mwanga.

Chicago nako kona ziliwabana. Zile kali za Loop zina nusu kipenyo cha takriban mita 27, ndiyo maana mabehewa ya huko ni mafupi, kama mita 14.6. Kona ya Lego, ukiikuza kwa uwiano wa upana wa reli, haifiki hata mita 13. Kwa hiyo behewa likipinda, tumbo lake linachomoza ndani na ncha zake zinatoka nje. Namna ya kuipima hali hiyo ni ya kupendeza: tandaza karatasi chini ya reli, funga penseli ubavuni mwa behewa lako refu kuliko yote, ncha ikigusa karatasi, kisha lisukume kwa mkono taratibu, mara ya kwanza penseli ikiwa katikati, upande wa ndani wa kona, mara ya pili ikiwa mwishoni, upande wa nje. Mistari miwili itaachana penye kona na kusogeleana tena reli inaponyooka. Ukingo, taa na jukwaa la stesheni visiingie kati yake.

Kuhusu kuipandisha treni kutoka chini, nasema wazi: usiipandishe. Kwa kimo cha vitofali 12, ukipanda kibao kimoja kwa kila kipande cha reli, unahitaji vipande 36, yaani zaidi ya mita 4.6 za mlima tu. Acha mzunguko wote ubaki juu, na jasho lako liende kwenye nguzo. Vitofali vilivyopandana wima hustahimili uzito lakini huachia vikisukumwa ubavuni, na treni inayofunga breki inasukuma. Nguzo mbilimbili zifungwe kwa mihimili ya mshazari.

Kabla hujaweka hata kipande kimoja cha reli, basi, chukua basi lako la vitofali ulipitishe mtaani kati ya nguzo, likate kona, lisimame mbele ya duka. Literemshe jicho lako hadi usawa wa meza, utazame kutoka pale alipo mwenye duka. Kama nguzo inamzibia mlango, ihamishe nguzo.