Ufundi wa Kuficha

Mtafsiri wa picha wa Kigombe, kijiji chetu cha pwani ya Tanga, alikuwa mvuvi. Mchana alishona nyavu chini ya mkungu. Usiku alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akawa Mzungu, Mhindi, mwanamke anayelia, mtoto anayemwita mamaye, na polisi ambao siku zote hufika picha ikishakwisha. Banda lenyewe lilikuwa la makuti, chini mchanga mtupu, mabenchi ya mbao zilizotoka kwenye mashua kuukuu. Jenereta liliwekwa mbali, nyuma ya minazi, ili mngurumo wake usiwameze waigizaji. Huku Tanzania Bara televisheni ilikuwa ingali jambo jipya, imeanza mwaka 1994 tu, na kwetu mawimbi yalifika kwa kusuasua. Tulichokiona tulikiona kwenye kanda za deki, na tulichokielewa tulikielewa kwa kinywa cha mtu yule.

Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake iliuzwa kwenye kanda ikapendwa kama picha zenyewe. Wetu hakurekodiwa hata siku moja. Lakini alikuwa na kitu ambacho tangu hapo nakitafuta kwa kila anayejiita fundi wa picha za kutisha, na mara nyingi nakikosa: alijua pa kunyamaza.

Nilikuwepo usiku walipoonyesha Jaws, picha la papa la Steven Spielberg la mwaka 1975. Banda lilijaa wavuvi. Mwanzoni kabisa binti anaingia baharini usiku, peke yake, maji yametulia. Watafsiri niliowasikia baadaye wangeanza hapo hapo kupiga kelele, anakuja huyo, anakuja! Wetu alisema, "Kaenda kuoga," kisha akakilaza kipaza sauti mapajani. Hakusema tena neno. Kamera iko chini, inaitazama miguu ya binti kutoka vilindini, na ule muziki wa John Williams unaanza, sauti mbili tu, nzito, zinafuatana polepole, halafu mbio. Papa haonekani. Binti anavutwa mara moja, anatulia, anavutwa tena. Mbele yangu alikaa mzee aliyemaliza umri wake baharini. Nikamwona anaitoa miguu yake mchangani, mmoja mmoja, anaikunja juu ya benchi. Mchanga ule ulikuwa mkavu, na bahari ilikuwa hatua mia kadhaa kutoka pale.

Kuna jambo jingine katika picha ile ambalo nadhani watu wa Kigombe walilielewa kuliko watazamaji wa New York. Wanaomwinda papa wanampiga chusa lenye kamba, na mwisho wa kamba kuna pipa la manjano. Toka hapo tunaliona pipa, hatumwoni papa. Mvuvi wa wavu wa jarife hahitaji kufafanuliwa hilo. Usiku kucha hamwoni samaki, anatazama boya. Boya likitikisika anajua kuna kitu, likizama anajua ni kikubwa, lakini ni kitu gani hajui mpaka avute, na wakati mwingine akivuta anatamani asingevuta. Mapipa yalipozama yote pamoja na bahari ikabaki tupu, banda zima lilitoa sauti moja, si ukelele, ni ile pumzi ya watu wanaomtaja Mungu kimoyomoyo. Skrini haikuwa na kitu isipokuwa maji.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Spielberg hakupanga hivyo. Papa wake walikuwa mashine, na maji ya chumvi yaliziharibu siku baada ya siku, ikambidi apige picha bila papa. Saa nzima na zaidi inapita kabla mnyama hajaonekana vizuri. Wako wanaosema ilikuwa bahati. Mimi naona ufundi ulikuwa katika kuitii ile hasara: wengine wangesubiri mashine ipone, yeye akatambua kwamba bahari yenyewe inatosha.

Na bahari yetu inatosha zaidi. Kuanzia mwaka 2003 majarife ya pwani ya Tanzania, ya Kigombe yakiwemo, yalianza kumtoa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ana mapezi kama viungo, magamba magumu, macho yanayong'aa kwenye taa. Hifadhi ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 inaitwa kwa jina lake. Fikiri wavuvi wamevuta wavu gizani, na katika wavu kuna kitu ambacho babu zao hawakuwahi kuwatajia. Mtu anayeishi juu ya vilindi vya namna hiyo ukimwonyesha meno ya plastiki unamkosea adabu.

Wazee wetu waliokwenda senema mjini, Majestic ya Tanga, walilelewa na mafundi wa kuficha vilevile, ingawa wao walikwenda kwa ajili ya picha za Kihindi na wangekuambia walifuata nyimbo. Chukua Mahal ya mwaka 1949, ya Kamal Amrohi, yenye Ashok Kumar na Madhubala. Mwanamume anahamia jumba kuukuu, usiku anasikia mwanamke akiimba, anaifuata sauti, anampoteza. Wimbo ule uliimbwa na Lata Mangeshkar, bado binti mdogo, na mwenyewe alisimulia jinsi walivyourekodi: kipaza sauti kilisimamishwa katikati ya chumba, yeye akaanzia pembeni, akawa anaimba huku anasogea hatua kwa hatua. Basi unaposikia sauti ile inakuja kutoka mbali, haikutengenezwa na mtambo. Ni miguu ya binti inatembea sakafuni. Na mwisho wa picha unagundua kwamba mzimu haukuwepo. Kilichomwangamiza yule bwana kilikuwa ndani ya kichwa chake tangu alipovuka kizingiti.

Hapo ndipo penye ufundi mkubwa kuliko wote, picha inayotisha bila jini wala kisu, kwa kuwa inakaa ndani ya mtu. Alfred Hitchcock aliufahamu vizuri. Katika Psycho ya mwaka 1960 damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa kuwa picha haikuwa ya rangi, na kisu hukioni vizuri kinamwingia mtu. Unasikia fidla za Bernard Herrmann zinapiga kelele, na akili yako inamalizia kazi. Aliagiza pia kwamba picha ikishaanza, asiingie mtu ukumbini. Mtafsiri wetu hakulijua jina la Hitchcock, lakini hakuwasha deki mpaka watoto wakae na wanaotafuna miwa wamalize, maana hofu huwa inapandwa dakika za mwanzo, wakati bado hakuna linalotokea.

Sisi wenyewe tunayo picha ya daraja hilo, na nasikitika kila ninapoona jinsi isivyotajwa. Ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyokuwa picha ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar, mwaka 2001. Daktari wa maradhi ya akili kutoka Marekani, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya hapa nchini, na humo anamkuta mgonjwa aitwaye Samehe, ambaye hajasema neno kwa miaka 20. Samehe anatembelewa na bibi wa kale, mzimu wa ukoo. Picha haikuambii kama bibi yule ni ugonjwa au ni kweli. Inakuacha katikati, mahali ambapo kila familia ya pwani iliyowahi kuuguza mtu wa namna hiyo inapafahamu: ndugu mmoja anataka hospitali, mwingine anataka mganga, shangazi anasoma Yasini, na mgonjwa mwenyewe anatazama pembe ya chumba ambako hakuna mtu.

Samehe aliigizwa na Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtazame mikono yake. Mtu aliyenyamaza miaka 20 hawezi kuigizwa kwa macho peke yake. Lihamba ameupeleka ukimya ule mpaka kwenye namna anavyokaa, namna anavyogeuka akiitwa, kama mwenye kurudi kutoka safari ndefu bila kutaka. Ukimya wa mwili wake ndio unaotisha, na hakuna mapambo ya uso wala programu ya kompyuta inayoweza kuuchora. Mulvihill alikwisha kuonja maji hayo kabla, yeye na Nangayoma Ng'oge, katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, picha fupi ya mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga.

Ilipokuja enzi ya kanda na kamera ndogo, Mussa Banzi naye alijaribu, tena kwa fedha kiduchu. Nsyuka na Shumileta zilichota hadithi zetu wenyewe, za Wanyakyusa na za majini wa kike, na watu wazima walirudi nyumbani usiku wameshikana mikono. Namheshimu kwa hilo. Waliomfuata wengi walichukua meno na vinyago, wakaacha hadithi.

Leo banda la video linaonyesha mpira wa Uingereza. Sina ugomvi na mpira. Picha za kutisha zimehamia kwenye simu, kijana anatazama akiwa juu ya bodaboda anasubiri abiria, sauti imefungwa, kidole kinarusha mbele sehemu ambazo "hakuna kitu". Na watengenezaji wamelijua hilo, wameziondoa. Kila baada ya dakika chache mlango unabamizwa, uso unarukia kioo, spika zinapasuka. Mtazamaji anashtuka, anacheka, anasahau kabla hajafika nyumbani. Bibi aliyetusimulia habari za zimwi hakuwahi kutuambia lina sura gani. Alisema lilikuwa linapumua nje ya mlango, akaacha tusikilize, na kila mtoto pale barazani akalichora zimwi lake, la kwangu halikufanana na la dada yangu, na yote mawili yalidumu miaka.

Mtafsiri wetu alifariki bila kuacha mwanafunzi. Vijana walioshika kipaza sauti baada yake wanasema sana. Wanaogopa watu wasije wakadhani hawaijui lugha ya picha, basi wanajaza kila pengo kwa vichekesho na salamu. Hawakupata wa kuwaambia kwamba pengo lile ndilo lililolipiwa kiingilio.

Njia ya kutoka Tanga kuja Kigombe inapita Tongoni, penye makaburi ya kale yenye nguzo, mengine yameinama, mengine yameanguka. Hata wapita njia wenye haraka hushusha sauti pale. Sijaona bado picha ya Kiswahili iliyopasimamishia kamera magharibi, ikaiacha isubiri. Nimewauliza vijana wa hapa wanaotaka kutengeneza filamu kama wameiona Maangamizi, na sijapata hata mmoja. Wanazijua za Korea na za Marekani, wanazijua kwa majina ya waigizaji. Shuka jeupe na projekta ya kuazima vingetosha kuionyesha pale uwanjani, baada ya sala ya isha, mtafsiri asiwepo kabisa. Hao vijana wamtazame Lihamba akiwa amekaa, ameinamisha kichwa, hasemi, mpaka wenyewe waanze kusogeleana kwenye benchi.