Jina na Wajibu: Uhakiki wa Msamiati wa Haki za Watu Wenye Ulemavu katika Kiswahili

Sehemu kubwa ya mjadala kuhusu lugha ya ulemavu katika Kiswahili imejikita katika suala la jina: mtu aitwe kilema, mlemavu, au mtu mwenye ulemavu? Suala hilo si dogo. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza orodha ya haki za watu wenye ulemavu kwa haki ya kuheshimiwa utu wao na kutajwa kwa namna isiyowadhalilisha. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba wakati jina limefanyiwa kazi kubwa, msamiati wa wajibu umeachwa ukue bila uangalizi, na maneno yaliyoziba pengo hilo ni ya huruma zaidi kuliko ya haki. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kutajwa kwa adabu huku akinyimwa anachostahili.

Tuanze na jina lenyewe. Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete yanadhalilisha kwa kuwa yana umbo la ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu na vidunishi. Hoja hii haijitoshelezi. Kiongozi, kijana na kinyozi wana umbo hilohilo bila kudunishwa, na upatanisho wa kisarufi katika matumizi ya kawaida ni wa viumbe hai: kipofu amefika, si kipofu kimefika. Majina ya vyama nayo yanatoa ushahidi. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinatumia umbo la VI. Chama cha Walemavu Tanzania (CHAWATA) kinatumia nomino yenye kiambishi -vu. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA) linatumia kirai cha -enye. Wahusika wenyewe wamejitaja kwa maumbo matatu tofauti. Kwa mantiki hiyo, heshima haikai katika kiambishi peke yake, bali katika nani anayelitamka neno na kwa kusudi gani.

Aidha, kirai mtu mwenye ulemavu, ambacho ndicho kilichokubalika katika lugha ya sheria, kina mipaka yake. Mzizi -enye huonyesha umiliki: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye mali. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika utangulizi wake, unauchukulia ulemavu kuwa zao la maingiliano kati ya mtu mwenye hitilafu ya kimwili, kiakili au ya fahamu na vizuizi vya mitazamo na mazingira. Kwa fikra hiyo, jengo lenye ngazi tupu linachangia ulemavu wa mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kirai cha -enye kinaurudisha ulemavu wote kwa mtu, kana kwamba ni mali aliyokuja nayo. Hatupendekezi kiachwe, kwa kuwa kimetanguliza utu. Tunachosema ni kwamba jina, hata likiwa zuri, haliwezi kubeba kazi ya wajibu.

Wajibu huo unaelezwa waziwazi katika Ibara ya 2 ya Mkataba, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara hiyo inataka pale mtu fulani anapouhitaji, ufanyike ugeuzaji unaofaa wa mazingira, nyenzo au utaratibu ili aweze kuzitumia haki zake sawa na wengine, na inasema kwamba kumnyima ugeuzaji huo ni ubaguzi. Hapa ndipo penye uzito: kosa halipo katika kumchukia mtu tu, bali pia katika kukataa kubadili kitu kinachoweza kubadilishwa. Matini za Mkataba zenye nguvu ya kisheria ziko katika lugha sita, na Kiswahili si mojawapo. Msomaji wa Kiswahili anaipokea dhana hii kupitia kwa mfasiri, na chaguo la mfasiri linaweza kuiimarisha au kuizimua.

Katika matumizi ya kiofisi na ya vyombo vya habari, dhana hii inazungukwa na maneno kadhaa. Mazingira rafiki ni mojawapo. Urafiki ni jambo jema, lakini ni hiari. Rafiki asiyefika hashtakiwi. Mazingira wezeshi yanaeleza hali inayotamaniwa bila kumtaja wa kuileta. Mahitaji maalumu yanamrudishia mtu mzigo wa maelezo: yeye ndiye wa pekee, na ofisi inabaki kuwa kipimo cha kawaida. Neno msaada ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu limeota mizizi hadi katika sheria mama.

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inazungumzia haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, na katika hali nyingine ambamo mtu hajiwezi. Neno haki limo, lakini kinachodaiwa ni msaada, na kauli ya kutojiweza inawaweka mzee, mgonjwa na mtu mwenye ulemavu katika fungu moja. Zaidi ya hayo, ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Msamiati wa msaada na kutodaika kwake mahakamani vinakwenda pamoja.

Fasihi inayosomwa shuleni inaweza kuuzoesha mtazamo huohuo. Katika riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili imesomwa sana katika sekondari za Tanzania, Sekai anakimbia na mwanawe mwenye ualbino kwa sababu mila za jamii yao zinataka mtoto huyo auawe. Riwaya inafaulu kuuonyesha ukatili huo. Lakini uhai wa mtoto unategemea ujasiri wa mama na wema wa wenyeji wanaowapokea. Riwaya haina kosa kwa hilo, kwa kuwa ulimwengu wake hauna taasisi nyingine ya kukimbilia. Kosa linatokea pale ufundishaji unapoishia kwenye funzo la kuwahurumia wenye ualbino, bila kuuliza ni nini kingetokea kama wenyeji wasingekuwa wema. Haki huanzia kwenye swali hilo.

Tofauti kati ya huruma na haki inaonekana pia katika sarufi ya sentensi. Tulinganishe mifano miwili tuliyoitunga: (1) Mtumishi asiyeona atapatiwa msaada wa kusomewa nyaraka, (2) Mwajiri atatoa nyaraka kwa nukta nundu ili mtumishi asiyeona azisome. Katika (1), kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na mtumishi ni mpokeaji tu. Katika (2), mwajiri ndiye kiima na ndiye mwenye kuulizwa, na mtumishi ni mtenda wa kitenzi soma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inatoa mfano mzuri wa muundo wa pili: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasiopungua asilimia 3. Anayewajibika ametajwa, na kipimo kimetajwa.

Kwa misingi hiyo, tunapendekeza istilahi marekebisho stahiki. Kitenzi rekebisha kinadai mtenda na kitendwa, na kitendwa kinachokusudiwa hapa ni ofisi, ratiba, jengo au mtihani, kamwe si mtu. Stahiki nayo inabeba maana mbili zinazohitajika: kinachofaa kwa kadiri ya hali, na kinachostahiliwa na mdai. Mkataba pia unaweka ukomo pale marekebisho yanapomlemea mtoaji kupita kiasi. Mfasiri ajihadhari asiutafsiri ukomo huo kwa neno mzigo, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku mtu mwenye ulemavu mwenyewe huitwa mzigo wa familia. Gharama zisizo na uwiano inatosha, na inamlazimu mwajiri alete hesabu.

Kazi hii haiwezi kusubiri. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania, na tafsiri zinazofanywa sasa ndizo zitakazofasiriwa na mahakimu kesho. BAKITA, wanaisimu, wanasheria na vyama vya watu wenye ulemavu wanapaswa kuisanifisha istilahi hii pamoja, wakianza na kipimo kimoja chepesi: je, sentensi inamtaja anayewajibika?